Kichujio Kinachokufa Kimya: Kutafuta Hitilafu za Proksi Huria Shuleni

Mhadhara uliotolewa Kisenge, mkoa wa Lualaba, mbele ya wakuu wa shule, masista, walimu na mafundi wa kompyuta

Kuna kijana anayelinda jenereta huko nje. Akiishiwa mafuta msiondoke. Karibu kila ninachotaka kusema leo kinasemeka gizani.

Nimeombwa nizungumze juu ya programu huria za kuchuja kurasa za intaneti, hasa pale mtu anapoziweka zikagoma. Kusudi langu ni kuonyesha wapi pa kutazama kwanza, na wapi baadaye. Lakini kuna jambo moja nitakalolitetea tangu mwanzo hadi mwisho, nanyi mtanipinga wakati wa maswali: hitilafu inayokata intaneti si ya kuogopwa. Hiyo inapiga kelele, na kabla saa haijaisha mtu atakuja kugonga mlango wako. Ya kuogopwa ni ile inayoacha kila kitu kipite, huku taa zote zikiwa za kijani na fundi akiwa ameshalipwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Shule za kwetu hupata intaneti kwa mnara mmoja wa simu au kwa dishi moja la setilaiti, na mega za intaneti zinanunuliwa kwa pesa ya wazazi. Setilaiti za kawaida za mawasiliano zinakaa juu karibu kilomita 36,000. Ombi likipanda na jibu likirudi, nusu sekunde imeshapita kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Katika hali hiyo, mwanafunzi mmoja anayetazama video anaweza kulinyima darasa zima ukurasa wa biolojia. Kwa hiyo mimi nasema kichujio hapa kwetu kinalinda mfuko kwanza, maadili baadaye. Naona masista wananikazia macho. Tutazungumza wakati wa chai.

Programu zenyewe ni za zamani, na hiyo ni sifa. Squid, proksi huria inayotumika sana, ilitoka katika mradi wa utafiti wa Marekani ulioitwa Harvest. Duane Wessels na wenzake waliianzisha kwa jina la Squid mwaka 1996. Kazi yake ni kusimama kati ya kompyuta za darasani na intaneti, kuchukua maombi, kuyapima kwa kanuni, na kutunza nakala za kinachoombwa mara nyingi. Pembeni yake huwekwa wasaidizi. squidGuard hulinganisha anwani na orodha za tovuti zilizopangwa kwa makundi, na orodha inayotumika sana katika nchi za Kifaransa hutunzwa na Chuo Kikuu cha Toulouse Capitole, bure. DansGuardian ya Daniel Barron husoma maneno ya ukurasa na kuyapa alama. Mrithi wake anaitwa e2guardian. Zote hazina gharama ya leseni. Gharama ni ya kichwa cha anayeziweka, na hapo ndipo tunapoingia.

Hoja ya kwanza: anza na saa

Kabla ya kufungua faili lolote la mipangilio, tazama saa ya mashine.

Kompyuta iliyokaa miezi bila umeme, betri yake ndogo ya duara ikafa, huamka ikidhani tuko miaka ya nyuma. Raspberry Pi ni mbaya zaidi, na wengi wenu mnaipenda kwa haki kabisa, maana inakula wati chache na paneli moja ya jua inaitosha. Lakini zile za kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea mashine ikizimwa. Sasa fundi anawasha, anaandika apt update ili ashushe Squid, na Debian inamkatalia ikidai kwamba faili la hazina ya programu bado halijaanza kuwa halali. Yeye hasomi. Anaona neno la kosa, anasema mtandao mbovu, anatuma mtoto kununua mega nyingine. Mega zikija, kosa ni lilelile. Vyeti vya kurasa za HTTPS navyo vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kwa hiyo mashine iliyorudi nyuma miaka mitano itakataa karibu tovuti zote za dunia na kuziita za uongo.

Kuna la pili kuhusu saa, nalo ni letu sisi wa mashariki ya nchi. Ukimwambia msakinishaji wa Debian kwamba uko Kongo, anakuuliza: Kinshasa au Lubumbashi? Mwenye haraka anabonyeza la kwanza. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Yanaonekana utakapoandika kanuni ya muda, tuseme video zifungwe siku za masomo:

acl masomo time MTWHF 07:30-12:30

Angalieni M, T, W, H, F: Alhamisi ni H, kwa kuwa T imeshachukuliwa na Jumanne. Nimeona watu wakiandika T mara mbili na Alhamisi ikabaki wazi muhula mzima. Basi, mashine yenye saa ya Kinshasa itaanza kufunga saa 08:30 ya hapa, na itaendelea kufunga hadi 13:30, wakati walimu wamebaki kuandaa masomo. Malalamiko yatakuja kwa sura ya ajabu: “Asubuhi intaneti inakuwa huru, mchana inakuwa kali.” Hakuna programu iliyoharibika. Andika timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi, uiwashe upya Squid, umemaliza.

Hoja ya pili: soma kabla ya kugusa

Fundi wa kweli akifika penye proksi iliyogoma, dakika za mwanzo hagusi kitu. Anafungua madaftari mawili ambayo Squid huyaandika yenyewe. cache.log inaeleza maisha ya programu: ilianza lini, imeshindwa kufungua faili gani, msaidizi gani amekufa. access.log inaandika kila ombi lililopita na hukumu yake. Yote mawili yamo ndani ya /var/log/squid, na kwa bahati mbaya yameandikwa kwa namna inayomkimbiza mgeni. Mstari wa access.log huanza na namba kama 1741593600. Ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970. Andika date -d @1741593600 na mashine itakutafsiria: Jumatatu, 10 Machi 2025, saa 10:00 kwa saa ya Lubumbashi. Baada ya hapo unafuata muda ambao ombi lilichukua kwa milisekunde, kisha anwani ya kompyuta iliyoomba, kisha neno la hukumu. Ukiona TCP_DENIED/403, Squid iko hai na imekataa kwa kanuni uliyoiandika wewe mwenyewe au uliyoiacha bila kuiandika. Ukiona access.log haina mstari wowote wakati mwanafunzi anabonyeza, ombi halikufika kabisa. Acha kanuni, rudi kwenye waya, anwani, ukuta wa moto.

Tofauti hiyo tu, limefika likakataliwa au halikufika, inaokoa siku nzima.

Kosa linalowapata karibu wote wanaoweka Squid kwa mara ya kwanza katika Debian au Ubuntu ni hili. Programu inawekwa bila shida, inawaka, inasikiliza kwenye poti 3128, na inawakatalia wanafunzi wote. Sababu ni mstari mmoja katika squid.conf unaoruhusu mtandao wa ndani, http_access allow localnet, ambao wasambazaji wameuacha umezimwa kwa alama ya reli mbele yake. Wamefanya vizuri, maana proksi iliyo wazi kwa kila mtu hugeuzwa pango la wezi kwa siku chache. Basi fundi anatambua kwamba anahitaji kuruhusu, anashuka hadi mwisho wa faili, anaandika kanuni yake pale chini kabisa. Haifanyi kazi. Anaandika nyingine. Haifanyi kazi. Squid husoma kanuni za http_access kutoka juu kwenda chini na husimama penye ya kwanza inayolingana. Juu ya kanuni zake zote pamekaa http_access deny all, na hakuna ombi litakalovuka pale. Anaweza kuandika kurasa kumi chini ya mstari huo, hazitasomwa.

Kabla ya kuwasha upya, andika squid -k parse. Amri hiyo inasoma faili lako na kukuonyesha mstari wenye kosa, bila kumkatia mtu intaneti. Inachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Walimu wa hesabu mnaofundisha kukagua jibu kabla ya kukabidhi karatasi, wafundisheni mafundi hawa.

Hoja ya tatu: kinachokufa kimya

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa.

Tuchukue chumba cha kompyuta cha kawaida. Squid inafanya kazi. Fundi anaongeza squidGuard, anashusha orodha za Toulouse, anazifungua, kisha anatoa amri squidGuard -C all ili orodha zile za maandishi zigeuzwe kuwa hifadhidata inayosomeka upesi. Kazi yote anaifanya kama mkuu wa mashine, root, maana ndivyo tulivyozoea. Hifadhidata inazaliwa ikiwa mali ya root. Lakini Squid katika Debian haifanyi kazi kama root. Inafanya kazi kwa jina la mtumiaji mdogo anayeitwa proxy, na squidGuard akiitwa na Squid anavaa jina hilohilo. Anajaribu kufungua hifadhidata. Ananyimwa.

Mngetarajia afunge kila kitu na kupiga kelele. Hafanyi hivyo. squidGuard akishindwa kusoma mipangilio au hifadhidata zake, anaandika katika daftari lake kwamba anaingia hali ya dharura, na hali ya dharura kwake maana yake ni kuruhusu kila ombi lipite kama lilivyo. Waliomtunga walikuwa na sababu: shule au ofisi isikose intaneti nzima kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa. Mimi siikubali sababu hiyo kwa chumba cha watoto, lakini ndiyo iliyomo. Basi Squid inawaka, squidGuard anaonekana kwenye orodha ya programu zinazoendelea, kurasa zinafunguka haraka, mkuu wa shule anafurahi. Kichujio kimekufa tangu dakika ya kwanza.

Dawa yenyewe ni fupi: mpe proxy umiliki wa hifadhidata kwa chown -R proxy:proxy juu ya saraka yake, kisha usome tena daftari la squidGuard mpaka ile habari ya dharura isionekane. Katika Ubuntu kuna mlinzi mwingine, AppArmor, ambaye anaweza kumzuia Squid kugusa saraka hata kama umiliki ni sahihi. Katika familia ya Red Hat ni SELinux. Watu wengi, wakikutana na SELinux, humzima wakaenda zao. Ni kama wameshaamua wasitake kujua. Msomeni kwanza anasema amezuia nini.

Kifo cha pili cha kimya kimo kwa wanaotumia ICAP, ile njia ya Squid kumkabidhi mchujaji wa nje ukurasa aukague, yenye poti 1344. Katika mstari wa kumtaja mchujaji kuna neno bypass. Likiwekwa on, mchujaji akianguka Squid humruka na kuendelea. Kama halikuandikwa, Squid haimruki. Kwa hiyo ukilikuta on, kuna mtu aliliandika, labda usiku mmoja alipochoka kupigiwa simu. Muulizeni.

Cha tatu ni cha DansGuardian na e2guardian katika mpangilio wao wa zamani, ambapo mchujaji anasikiliza poti 8080 na kupeleka maombi kwa Squid kwenye 3128. Mlango wa mbele ni 8080. Lakini kama Squid imeachwa ikisikiliza kwa mtandao mzima, mlango wa nyuma uko wazi: mwanafunzi anayeingia kwenye mipangilio ya kivinjari akabadilisha 8080 kuwa 3128 amekwepa uchujaji wote. Msiseme watoto wetu hawajui. Mmoja akijua saa nne, saa sita darasa zima limejua. Iambie Squid isikilize 127.0.0.1:3128 peke yake, ili impokee mchujaji aliye ndani ya mashine ileile na isimpokee mwingine.

Cha nne ni kipya zaidi. Wanaopenda kuiweka proksi kwa siri, wakiigeuza njia ya poti 80 kwa ukuta wa moto bila kugusa kompyuta za wanafunzi, wasisahau kwamba kurasa nyingi sasa haziko poti 80. Ziko 443. Na tangu QUIC ilipopewa kanuni rasmi Mei 2021, na HTTP/3 mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya mazungumzo na tovuti za video hupita kwa UDP kwenye poti 443, ambako Squid haipo kabisa. Zuia UDP 443 kwenye ruta. Kivinjari hakitalalamika, kitarudi kwenye TCP chenyewe.

Nimetaja vifo vinne na dalili yake ni moja: hakuna dalili. Ndiyo maana jaribio la mwisho lisifanyike kwenye seva. Kaa kwenye kiti cha mwanafunzi, ingia kwa jina la mwanafunzi, omba ukurasa unaopaswa kukataliwa, uone ukikataliwa, kisha uende kwenye access.log uone ombi lako limeandikwa na kwa hukumu gani. Vyote viwili. Na jaribio hilo lirudiwe kila baada ya delestaji, yaani umeme kukatwa, kwa sababu mashine inayozimwa ghafla inaweza kuharibu hifadhidata, na hifadhidata iliyoharibika, mmeshasikia, inafungua milango yote. Apewe mtu mmoja kazi hiyo, aandike kwenye daftari la karatasi. Daftari la karatasi halihitaji umeme.

Hoja ya nne: behewa lenye lakiri

Wazee waliofanya kazi hapa enzi za kampuni ya manganizi ya Béceka-Manganèse wanakumbuka reli ilivyokuwa kabla ya 1975, vita vya Angola vilipofunga njia ya Benguela: mizigo ikipita Dilolo kuelekea Lobito. Behewa lililopigwa lakiri, mtu wa forodha anasoma karatasi iliyobandikwa nje, anaona linakotoka na linakokwenda. Yaliyomo ndani hayaoni bila kuvunja lakiri.

HTTPS ni hivyo. Kivinjari kinaiambia Squid: niunganishe na tovuti fulani, poti 443. Squid inasoma jina la tovuti, inaweza kukataa au kukubali. Ukurasa gani ndani ya tovuti, neno gani limetafutwa, haioni. Kwa hiyo kanuni za url_regex zinazotafuta maneno ya ukurasa ndani ya tovuti, zilizonakiliwa kutoka vitabu vya 2005, hazitafanya lolote, na DansGuardian aliyezoea kuhesabu maneno ya ukurasa hana maneno ya kuhesabu. Fundi asipolijua hili atatumia wiki akitafuta kosa ambalo halipo.

Kuna tokeo lake linalowachanganya hata wenye uzoefu. squidGuard akikataa ukurasa wa zamani wa HTTP, anamwelekeza mwanafunzi kwenye ukurasa wa adabu unaosema umezuiwa. Akikataa wa HTTPS, kivinjari hakikubali kuelekezwa kwingine. Kinaonyesha kosa la muunganisho tu. Mwalimu anakuja mbio: intaneti imekufa! Haijakufa. Kichujio kinafanya kazi kuliko siku zote. Waelezeni walimu mapema, mtapunguza simu nusu.

Je, lakiri ivunjwe? Inawezekana. Squid ina njia inayoitwa ssl_bump: inatengeneza cheti chake, inajifanya tovuti mbele ya mwanafunzi, inafungua, inasoma, inafunga tena. Anayetaka kufika huko atagonga ukuta wa kwanza wakati wa kuweka programu, kwa sababu kifurushi cha kawaida cha squid katika Debian hakikujengwa na OpenSSL. Tangu Debian 11 kipo kingine kinachoitwa squid-openssl, hakuna haja tena ya kukesha ukijenga kutoka chanzo kwenye Raspberry Pi. Andika squid -v usome imejengwa na nini. Ukuta wa pili ni simu: tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu nyingi za simu haziamini vyeti vilivyoongezwa na mwenye simu.

Ukuta wa tatu ni wetu sisi wenyewe. Mwalimu anayetuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money akiwa kwenye mtandao wa shule, siri yake inaweza kupita mikononi mwa mashine iliyo chini ya meza ya fundi. Nchi hii ina Sheria ya Dijitali, Code du numérique, ya 13 Machi 2023, na ulinzi wa data za mtu umo ndani yake. Mimi nashauri shule isivunje lakiri. Jina la tovuti linatosha kwa asilimia kubwa ya haja zetu, na hata ssl_bump yenyewe inakuruhusu kuchungulia jina na kuacha behewa lipite bila kuguswa. Anayetaka zaidi ya hapo amweke mwalimu chumbani.

Hoja ya tano, kwa ufupi: nani anaandika orodha

Nimefungua orodha za maneno zinazokuja na DansGuardian. Mna Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kireno, hata Kipolandi. Kiswahili sijakiona. Programu inatoka ikiwa na kipimo kilichopendekezwa: alama 50 kwa watoto wadogo, 100 kwa wakubwa kidogo, 160 kwa vijana. Lakini ukurasa wa matusi ya Kiswahili utapata sifuri, na ukurasa safi wa afya ya mama kwa Kifaransa unaweza kuvuka 50 kwa kutaja viungo vya mwili. Kituo cha afya kilichoweka kipimo cha shule ya msingi kitawafungia wauguzi wake masomo. Hilo si kosa la usakinishaji ingawa litaletwa kwa fundi kama kosa la usakinishaji. Kamati ikae: mkuu, mwalimu, mzazi, muuguzi. Fundi aandike wanachoamua.

Tunakokwenda

Vivinjari vikubwa, tangu 2023, vimeanza kuficha hata karatasi ya nje ya behewa, na vinauliza majina ya tovuti kwa njia iliyofungwa badala ya kutumia DNS ya ruta yenu. Wenye proksi za siri watapoteza macho polepole. Wenye proksi ya wazi, ambamo kila kivinjari kimeambiwa kwa adabu “pitia hapa”, wataendelea kuona jina, kwa kuwa kivinjari chenyewe kinawakabidhi. Ndiyo maana nawaomba wanaopanga vyumba vipya vya kompyuta kati ya hapa na Kolwezi waache njia ya siri. Wekeni faili la proxy.pac, liandikwe kwenye kila mashine, na wanafunzi waambiwe lipo na kwa nini.

Kuna kazi moja tunayoweza kuianza leo. Kurasa za makosa za Squid zimetafsiriwa kwa lugha nyingi. Kiafrikana kimo, Kiswahili hakimo. Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulishaonyesha mwaka 2004, kwa kuipa OpenOffice sura ya Kiswahili, kwamba kazi kama hii inafanyika. Faili linaloitwa ERR_ACCESS_DENIED ni la HTML ya kawaida, fupi, na Squid itafuata saraka yoyote utakayoitaja kwenye error_directory. Tuandike kwa Kiswahili tunachosema hapa Lualaba: ukurasa huu umefungwa na shule, sababu ni hii, ukiona tumekosea, mwone mwalimu fulani chumba fulani. Jina la mwalimu na chumba kila shule itaweka lake. Nimeleta kompyuta mbili na kle ya USB yenye vifurushi vyote vya Debian vinavyohitajika, ili tusitumie mega za mtu. Baada ya maswali, wanaotaka kubaki tutaanza na faili hilo, na kabla ya jioni liwe limejaribiwa kutoka kiti cha mwanafunzi.

Nadhani mkono wa kwanza ulioinuliwa ni wa sista.